UZI: Farasi kwenye mashamba ya watumwa Marekani ya mwanzo, alifanya kazi gani hasa?

#1 Kwato Nne

Habari zenu wakuu.

Wengi tukitajiwa mashamba makubwa ya Virginia, Maryland na Carolina, tunaona kichwani farasi anavuta plau katikati ya tumbaku. Hapo pana kosa, na ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Kwa zaidi ya miaka mia moja ya mwanzo tumbaku ya kule ililimwa kwa jembe la mkono. Aliyelishika jembe alikuwa kwanza kibarua wa mkataba kutoka Uingereza, kisha, kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 17, zaidi na zaidi akawa mtumwa kutoka Afrika. Farasi walikuwepo, tena tele, ila kazi yao ilikuwa kumbeba bwana na mnyapara, kufupisha masafa, na kumwinua mtu mmoja juu ya vichwa vya wengine.

Tuanze mwanzo. Jamestown ilianzishwa 1607, na farasi wa kwanza walishushwa 1609, majike sita na madume mawili. Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 yakaja na njaa kali, wakaliwa wote. George Percy, aliyekuwa kiongozi wa koloni wakati huo, ameacha maandishi kwamba walianza na farasi, wakaendelea na mbwa, paka na panya, hadi ngozi za viatu. Mwaka 1611 wakaletwa wengine, na hao ndio walioshika mizizi.

Waliongezeka haraka kwa sababu hawakufungiwa. Farasi alipigwa chapa, akaachiwa msituni ajitafutie. Kilichozungushiwa uzio ni shamba, mnyama akabaki huru. Sheria ya Virginia ilitaka uzio wa mazao uwe na urefu wa futi 4 na nusu. Ukiwa mfupi zaidi, farasi akiingia kula mahindi yako huna pa kudai. Kufikia 1669 walikuwa wengi kiasi kwamba koloni ilipiga marufuku kuingiza wengine. Mwaka 1686 ikatoka sheria nyingine, dume la chini ya shibiri za kupimia farasi 13 na nusu lisiachiwe kuzurura, maana madume madogo yalikuwa yanapanda kila jike na kizazi chote kinadumaa.

Sasa kwa nini jembe, na plau isitumike? Msitu haukung'olewa. Mti ulichunwa gome kuzunguka shina, ukafa umesimama, na watu wakapandisha vilima vya tumbaku katikati ya visiki, kilima na kilima futi 3 hadi 4. Baada ya mavuno matatu au manne udongo umechoka, watu wanahamia kipande kingine na kile cha zamani kinaachwa miaka 20 kirudie uzima. Visiki havikupata muda wa kuoza. Plau ikinasa kwenye mzizi, ama ncha inapinda, ama farasi anapigwa na mshtuko mabegani kwa nguvu yake mwenyewe.

Karibuni.

#2 binti_ghala

Asante mkuu kwa uzi. Maswali mawili. Hiyo "shibiri ya kupimia farasi" ni kiasi gani? Na kama farasi hakulima, tumbaku ilifikaje bandarini?

#3 Kwato Nne

Kipimo hicho ni upana wa kiganja, inchi 4, sawa na sentimita 10 na ushee. Hupimwa kutoka chini hadi pale shingo inapokutana na mgongo, kichwa hakihesabiwi. Kwa hiyo 13 na nusu ni kama sentimita 137. Ni farasi mdogo kabisa kwa macho ya leo.

La bandari namwachia Mzee wa Hatamu.

#4 Mzee wa Hatamu

Swali zuri, dada. Tumbaku ilisafiri ndani ya pipa kubwa, na mara nyingi pipa lenyewe ndilo lililokuwa gurudumu.

Pipa la karne ya 18 lilikuwa na urefu wa inchi 48 na upana wa inchi 30 kichwani. Likijazwa lilibeba pauni 1,000 na zaidi, yaani kilo 450 kwenda juu. Majani yalishindiliwa kwa nguzo ndefu ya kukandamiza, tabaka kwa tabaka. Hapo ndipo pa kuangalia. Jani lazima liwe na unyevu wa kutosha kulainika bila kukatika, lakini lisiwe bichi. Likiwa kavu linasagika na kuwa vumbi. Likiwa na maji linapata joto ndani ya pipa na kuoza katikati, na nje huoni kitu mpaka lifunguliwe.

Likishafungwa, pipa linalazwa kwa ubavu. Kigingi kigumu kinapigiliwa katikati ya kila kichwa, kiwe kama ekseli. Miti miwili mirefu inafungwa kwenye vigingi hivyo, na mbele yake anasimama farasi au maksai (ng'ombe dume aliyehasiwa). Pete za ziada za mbao zinavishwa kuzunguka pipa ili zisuguane na ardhi badala ya mbao za pipa. Kisha safari inaanza, pipa linabingirika nyuma ya mnyama. Njia hizo zilipata jina la njia za kubingirishia, na barabara kadhaa za Maryland na Virginia bado zinaitwa hivyo.

Mambo yaliyoharibu safari: jiwe linapasua ubao mmoja, mchanga unaingia, kijito kinavukwa, maji yanapenya, tumbaku ya pembeni inaoza, mteremko unakuwa mkali, pipa linamsukuma farasi na kumvunja miguu ya nyuma. Ndiyo maana njia hizi zilifuata migongo ya vilima na kukwepa mabonde, hata kama ni kuzunguka. Tangu sheria ya ukaguzi ya 1730, kila pipa lilifunguliwa kwenye ghala la serikali, na tumbaku iliyoharibika ilichomwa moto. Kwa hiyo uzembe wa maili moja ungeweza kula kazi ya mwaka mzima ya watu kadhaa.

Maksai alitumika sana kuliko farasi kwenye mizigo mizito. Ni mpole, anaishi kwa majani, nira yake ni kipande cha mti tu, na akizeeka analiwa. Farasi anataka nafaka na vifaa vya ngozi. Anayetaka kujua kwa nini bwana aliweka farasi ilhali maksai ni nafuu, jibu liko kwenye mwendo. Maksai hawezi kukutoa shamba la kwanza hadi la tano na kukurudisha kabla ya chakula cha mchana.

#5 Mpura Ngano

Naongezea hapo kwenye mwendo. Mashamba ya George Washington pale Mount Vernon yalikuwa matano, jumla ekari zinazokaribia 8,000, na 1799 waliofanya kazi na kuishi hapo kama watumwa walikuwa 317. Akiwa nyumbani aliyazungukia kwa farasi karibu kila siku. Ukiwa chini na jembe, unamwona amekuja akiwa tayari ameshakuona.

Na aina ya mwendo ilijaliwa sana. Farasi wa kawaida akienda matiti anainua mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, na mpandaji anarushwa juu chini. Wale waliopendwa na wenye mashamba walikwenda telki, miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja, na aliyekaa juu hatikisiki sana. Maarufu zaidi walizaliwa Narragansett, kusini mwa Rhode Island, ambako nako kulikuwa na mashamba ya watumwa. Waliuzwa hadi visiwa vya miwa vya Karibi, wakisafirishwa juu ya sitaha kwa sababu chini walikosa hewa. Barabara zilipotengenezwa na magari ya kukokotwa kuenea, farasi wa telki akapungukiwa na soko, na mbegu hiyo ikatoweka ndani ya karne ya 19.

#6 Ulimi wa Jembe

Wakuu, walilishwa nini? Huku kwetu mtu akinunua farasi wa kubebea watalii, kilio cha kwanza ni chakula.

#7 Mzee wa Hatamu

Mahindi, ndugu yangu. Mahindi ndiyo yaliyowalisha watumwa, na mahindi ndiyo yaliyowalisha farasi, kutoka shamba hilohilo. Msimu ukiwa mbaya, ugomvi wa ghala ulikuwa kati ya mdomo wa mtu na mdomo wa mnyama, na ufunguo alikuwa nao mnyapara.

Farasi mdogo wa kazi, tuseme wa kilo 400, anahitaji kilo 4 hadi 5 za mahindi kwa siku, na majani makavu uzito huohuo au zaidi, maji lita 30 hadi 40, na chumvi. Tumbo lake ni dogo na hawezi kutapika, hivyo chakula kinagawanywa mara tatu. Ukimpa chote jioni ili upunguze kazi, unamtafutia msokoto wa tumbo.

Majani yenyewe yalitoka kwenye mahindi yanayokomaa. Mwezi wa Agosti hadi Septemba, gunzi likishaanza kukauka, watumwa walipita mstari kwa mstari wakichuma kwa mkono majani ya chini ya gunzi, wakayafunga vishada, wakavitundika kwenye bua vikauke siku moja mbili, halafu wakavikusanya. Ni kazi iliyochukiwa kuliko nyingi. Ni mwezi wa joto kali, shamba halina upepo, ukingo wa jani unakata mikono, na vumbi la mbelewele linajaa shingoni. Ukichuma mapema mno, mahindi yanasinyaa. Ukichelewa, jani limeshakuwa kama karatasi na farasi halitaki. Mvua ikinyesha vishada vikiwa nje, vinaota ukungu.

#8 binti_ghala

Ukungu kwa farasi ni sumu kama sumukuvu ya kwetu?

#9 Mzee wa Hatamu

Ni sumu nyingine, na kwa farasi ni mbaya zaidi. Sumukuvu tunayoijua inatoka kwa ukungu wa kijani, inapiga ini. Hii ya farasi inatoka kwa ukungu wa Fusarium, ule wa weupe au waridi kwenye gunzi lililotobolewa na wadudu au kunyeshewa. Farasi akila mahindi hayo kwa wiki kadhaa, sehemu nyeupe ya ubongo inayeyuka. Utamwona anazunguka upande mmoja, anasukuma ukuta kwa paji la uso, haoni, midomo imelegea. Wengi hufa ndani ya siku moja hadi tatu, na dawa hakuna hata leo. Kusini mwa Marekani ugonjwa huo uliua farasi na baghala wengi katika karne ya 19. Sumu yenyewe, fumonisini, ilitambuliwa 1988 huko Afrika Kusini.

Ukipukuchua mahindi ya kumlisha farasi, tenga gunzi lolote lenye punje za waridi au zilizotobolewa. Kuosha au kuanika tena hakuondoi kitu.

Lingine lililoua ni farasi kuvunja mlango wa ghala usiku na kula nafaka kavu kupita kiasi. Siku ya pili kwato zinapata moto, anasimama ameegemea nyuma kama anayekanyaga makaa, na mfupa wa ndani ya ukwato unaweza kugeuka. Hata akipona hatarudi kuwa farasi wa mbio.

#10 Saisi

Nimefuata uzi tangu juu. Niruhusuni niseme juu ya watu, maana ujuzi wote huu uliotajwa ulikuwa mikononi mwa watu fulani na tunaweza kuwataja.

Mtunza farasi kwenye shamba kubwa alikuwa mtumwa, na ni kazi iliyomweka karibu na bwana kuliko mwenzake wa shambani. Alisafiri, aliona miji, alisikia mazungumzo. Jupiter Evans, aliyezaliwa 1743, mwaka mmoja na Thomas Jefferson, alianza kama mtumishi wake wa safari, na kuanzia 1774 akawa dereva na mwangalizi wa zizi la farasi pale Monticello, shamba la Jefferson.

Ila ukaribu huo ulikuwa na bei. Frederick Douglass, aliyepitia utoto wake wa utumwa huko Maryland kwenye shamba la Kanali Edward Lloyd, ameeleza habari za Barney mkubwa na Barney mdogo, baba na mwana, waliosimamia farasi wa kanali. Kosa halikukosekana: manyoya hayakusuguliwa vya kutosha, chakula kimeloa au kimekauka mno, kimewahi au kimechelewa, majani mengi na nafaka chache. Mtunzaji hakuruhusiwa kujibu neno. Douglass alimshuhudia Barney mkubwa, mzee wa kati ya miaka hamsini na sitini, amepiga magoti kichwa wazi kwenye ardhi yenye unyevu, akipigwa viboko zaidi ya thelathini mabegani. Farasi alikuwa na thamani, na kila doa kwenye ngozi ya farasi lilihamishiwa kwenye ngozi ya mtu.

Mtazame sasa farasi mweupe wa Washington alipokuwa rais, jioni ya kuamkia siku ya kupandwa. Mwili mzima ulipakwa uji mzito wa chokaa laini nyeupe, akavingirishwa nguo, akalazwa kwenye majani mapya. Asubuhi uji umekauka, unasuguliwa kwa mkono na brashi mpaka ngozi inang'aa kama hariri. Kwato zinapakwa rangi nyeusi na kung'arishwa, kinywa kinaoshwa, meno yanachokolewa. Yote haya kabla jua halijatoka vizuri. Wageni walioona farasi anameremeta hawakuona saa zile.

#11 Ulimi wa Jembe

Mkuu Saisi, je, mtumwa mwenyewe aliweza kumiliki farasi?

#12 Saisi

Mwanzoni wapo waliomiliki, na ndiyo maana sheria zikatungwa kuwanyang'anya. Virginia, 1705: farasi, ng'ombe na nguruwe wote wa watumwa wakamatwe na wasimamizi wa kanisa, wauzwe, fedha ziende kwa maskini wa parokia. Maskini hao ni Wazungu. South Carolina, 1740, mwaka mmoja baada ya uasi wa watumwa wa Stono: mtumwa asimiliki mashua wala asifuge farasi, ng'ombe, kondoo au nguruwe kwa faida yake. Angalieni mashua na farasi vimewekwa pamoja. Vyote viwili ni miguu.

Upande wa pili, doria za kukamata watumwa, zilizoanzishwa kisheria South Carolina 1704, zilikwenda kwa farasi. Mtu akitoroka kwa miguu na hana hati ya ruhusa, usiku mmoja anafika maili 15 au 20 akijitahidi. Doria inazimaliza masafa hayo kabla ya saa nne asubuhi.

#13 Kwato Nne

Naomba niweke la mbio hapa maana linaendana na hilo la Saisi.

Septemba 1674, mahakama ya kaunti ya York, Virginia, ilimtoza faini fundi cherehani James Bullocke, pauni 100 za tumbaku, kwa kushindanisha jike lake na farasi wa Matthew Slader kwa dau la pauni 2,000 za tumbaku. Sababu iliyoandikwa: mbio ni mchezo wa mabwana peke yao. Hakuwa mtumwa, alikuwa Mzungu huru, na bado aliambiwa farasi wa mbio si wa ngazi yake.

Mbio zenyewe zilikuwa fupi, robo maili, kama mita 400. Msituni unafyekwa ukanda wenye njia mbili zinazokwenda sambamba, farasi wawili tu, na anayewahi kuondoka mara nyingi ndiye anayeshinda. Kwa hiyo walitafuta farasi mwenye mapaja mazito anayelipuka kutoka kusimama. Mwaka 1730 aliletwa Bulle Rock, farasi wa kwanza wa damu ya mbio ya Kiingereza kufika Virginia, na baadaye Janus, aliyezaa farasi wa shoti fupi waliosifiwa sana. Taratibu mbio zikarefuka hadi maili 4 kwa mkupuo mmoja, zikirudiwa siku hiyohiyo.

Waliopanda na kufundisha wengi wao walikuwa watumwa. Austin Curtis wa Halifax, North Carolina, alikuwa mtumwa wa Willie Jones na alisifika kama mpandaji na mfunzi mahiri wa robo maili. Aliachiwa huru na bunge la North Carolina 1791, kwa ombi la Jones. Mfunzi wa aina hiyo alijua farasi ajashwe vipi chini ya blanketi apungue uzito, apewe maji kiasi gani kabla ya mbio, na siku gani akanyage polepole. Jina lililotangazwa likiwa la mshindi lilikuwa la mwenye farasi.

#14 binti_ghala

Na Carolina ya mpunga? Farasi aliingiaje kwenye majaruba?

#15 Kwato Nne

Hakuingia. Majaruba ya pwani ya South Carolina yalichimbwa kwenye kinamasi, mitaro na kingo zote kwa koleo na jembe. Farasi anazama hadi tumboni. Kupura ni kwa fimbo, kukoboa ni kwa kinu na mchi, vilevile kama Afrika Magharibi walikotoka wengi wa waliokuwa wakitwanga. Mashine za kukoboa za kuzungushwa na wanyama zilikuwepo, na kuanzia 1787 Jonathan Lucas akajenga kinu cha nguvu ya maji, ila kwa muda mrefu mchi ndio uliotawala.

#16 Mpura Ngano

Sasa tufike kwenye ngano, maana hapa ndipo farasi alipoingia kazini kwa kweli. Tumbaku ilipochosha udongo na bei kuyumba, wenye mashamba wa Virginia na Maryland walihamia ngano. Washington aliacha tumbaku pale Mount Vernon katikati ya miaka ya 1760. Ngano inataka plau na haro, na visiki vilipong'olewa hatimaye, farasi akavishwa kola.

Kola hiyo mara nyingi ilisukwa kwa maganda ya mahindi. Maganda yanalowekwa yalainike, yanasokotwa kama mkeka mnene, yanashonwa duara, na juu yake zinakaa mbao mbili zilizopinda ambazo ndizo zinazofungwa minyororo ya kuvutia. Ni nafuu na ni laini. Kasoro yake ni kunyonya jasho. Isipokaushwa usiku, chumvi inaganda, na asubuhi inamkwangua farasi kama msasa. Kipimo: kola ikiwa shingoni, kiganja kilicholala kipite kati yake na koromeo. Ikibana anakosa pumzi kwenye kupanda. Ikilegea inacheza na kutoa vidonda mabegani. Farasi aliyekonda wakati wa baridi hatoshei kola ya mwaka jana, na hilo lilisahaulika kila masika.

Kupura nako kulikuwa kwa kwato. Miganda inatandazwa duara chini, farasi wanazungushwa juu yake wakienda matiti, punje zinatoka. Lakini chini ni udongo: ngano inachanganyika na mchanga na kinyesi, mvua ikija kila kitu kinalowa, na ghala la wazi ni rahisi kuchotwa usiku.

Washington akachora banda la pande 16 kwa shamba la Dogue Run, 1792, likamalizika 1795. Mafundi walikuwa watumwa wake. Pande 16 kwa sababu mbao zilizonyooka haziwezi kupinda kuwa duara, na kadiri pande zinavyoongezeka, kona zinazokosa kukanyagwa zinapungua. Kipenyo ni kama futi 52. Alihesabu mwenyewe tofali za sehemu ya chini, 30,820. Farasi wanapanda kwa mteremko wa udongo hadi ghorofa ya juu, ambako sakafu ya kuzungukia ni ya mbao za mwaloni zilizoachana inchi 1 na nusu. Miganda inatandazwa, farasi wanaanza matiti, punje zinachuruzika kwenye nafasi hizo hadi ghala la chini, majani yanabaki juu. Nafasi ikiwa nyembamba, punje zinabaki zimekwama na majani. Ikiwa pana, masuke mazima yanashuka na kupepeta kunakuwa kazi mbili. Kutembea hakutoshi, ni lazima matiti, kwa sababu mtikisiko ndio unaoshusha punje. Ghala la chini lina mlango na kufuli.

Na bado vifaa peke yake havikutosha. Mwaka 1793, kabla banda hilo halijakamilika, alirudi nyumbani katikati ya Septemba na kukuta kwenye shamba lake jingine ngano imetolewa ndani ya banda zuri na inakanyagwa na farasi nje, hatua chache kutoka mlangoni, kwenye hatari ya mvua. Alimwandikia rafiki yake Henry Lee akilalamika. Huyu Lee ndiye aliyempa ekari 5,000 za Kentucky mwaka 1788 kwa farasi mmoja dume wa damu ya Kiarabu aitwaye Magnolia.

#17 Ulimi wa Jembe

Mbona kwenye picha za mashamba ya pamba naona punda wakubwa badala ya farasi?

#18 Mpura Ngano

Hao ni baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Wengine humwita nyumbu, ila neno hilo linamchanganya na nyumbu wa Serengeti, kwa hiyo baghala ni salama zaidi. Washington alipelekewa punda dume na mfalme wa Hispania 1785, akaitwa Royal Gift, na Lafayette akamtumia mwingine kutoka Malta 1786. Akaanza kuzalisha.

Baghala anakula kidogo kuliko farasi wa uzito wake, kwato zake ni ngumu, anavumilia joto, na akishiba anaacha, kwa hiyo hapati ule ugonjwa wa kwato kirahisi. Hazai, hivyo kila mmoja lazima azalishwe upya, na Kentucky na Tennessee zikajenga biashara ya kuwazalisha na kuwaswaga kusini kwa miguu. Baada ya Eli Whitney kupata hataza ya mashine ya kuchambua pamba 1794, baghala na farasi waliwekwa chini ya sakafu ya nyumba ya kuchambulia, wakazungusha gurudumu kubwa la meno ya mbao siku nzima. Nje wakazungusha mikono mirefu ya skrubu ya kushindilia marobota.

#19 Saisi

Kuna kamba moja inayofika kwetu. Aprili 1840 jahazi liitwalo Sultana, la Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, liliingia New York, limepitia Unguja, likiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Katika zawadi za Rais Van Buren walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge, kwa hiyo farasi wakauzwa na fedha zikaingia hazina.

#20 binti_ghala

Basi hapo pwani ya Carolina hakukuwa na farasi kabisa? Naona jina la farasi wa kinamasi mahali.

#21 Kwato Nne

Wapo, dada. Hawakuingia jaruba, ila walipita kila mahali pengine. Wametokana na farasi wa Wahispania, kimo shibiri 13 hadi 14 za kupimia farasi, kifua chembamba, kichwa kikubwa kidogo. Walifaa kuchunga ng'ombe kwenye kinamasi na misitu ya misonobari.

Baada ya 1865, sheria ya 1740 ikiwa imekufa, walionekana kwenye nyua za waliokuwa watumwa kule visiwa vya St. Helena na Hilton Head. Familia moja, farasi mmoja: Jumatatu anavuta plau ya bustani, Jumamosi anapeleka mboga sokoni, Jumapili anakokota gari la kanisani. Chakula chake ni nyasi za kinamasi na mabua. Ardhi ni tope, ila huyu akizama hapapatiki kama farasi mkubwa. Hujilaza ubavu, akachomoa mguu mmoja mmoja, kisha akasimama upande wa pili na kuendelea.

South Carolina ilimtangaza kuwa farasi wake wa urithi mwaka 2010.